Mwathiriwa wa uhalifu ana haki kisheria, lakini nani analipa?

Tuchukue mfano. Ni Jumapili alfajiri. Mama mmoja anaamshwa na binti yake wa miaka 17, ambaye amebakwa usiku akirudi nyumbani kutoka kwa shangazi yake. Zahanati ya kijiji haifunguliwi wikendi. Hospitali ya kaunti ndogo iko kilomita 30 kutoka hapo, na kituo cha polisi kiko njia nyingine kabisa. Mama ana shilingi 300 alizoweka za unga. Mwendeshaji boda boda anataka zaidi ya hizo, tena kwa safari ya kwenda tu.

Huku akitafuta nauli, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi, zinazojulikana kama PEP, ni lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na kila zinapoanzwa mapema ndipo zinapofaa zaidi.

Mfano huu tumeutunga, lakini hakuna hatua ndani yake ambayo chifu, muuguzi au mwendeshaji boda boda wa mashambani ataiona ngeni. Na kila hatua ina gharama: nauli, dawa, vipimo, fomu, mafuta ya gari la polisi, mahali pa kulala ikiwa mshukiwa anaishi boma hilo hilo, na baadaye nauli ya kwenda mahakamani mara tano, sita, au zaidi.

Ukisoma sheria za Kenya, nyingi ya gharama hizo ni za serikali. Ukimfuata mama huyu, utaona nyingi zinaishia kwake. Katika makala haya tunaeleza kwa nini iko hivyo, na ni wapi mwananchi wa kawaida anaweza kuuliza swali likajibiwa.

Sheria inasema nini

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 50(9), iliagiza Bunge litunge sheria ya kulinda haki na maslahi ya waathiriwa wa uhalifu. Bunge lilifanya hivyo mwaka 2014 kwa kupitisha Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa.

Wengi hudhani sheria hiyo inahusu ubakaji peke yake. Sivyo. Mwathiriwa ni mtu yeyote aliyeumia au kupata hasara kwa sababu ya kosa la jinai. Aliyekatwa panga katika ugomvi wa shamba ni mwathiriwa. Mfugaji aliyepigwa risasi na wezi wa mifugo ni mwathiriwa. Mzee aliyechomewa nyumba kwa kusingiziwa uchawi ni mwathiriwa.

Sheria hiyo inampa mtu kama huyo haki ya kulindwa asidhuriwe tena, kupata matibabu na ushauri nasaha, kuelezwa kesi yake imefika wapi, kusikilizwa mahakamani, na kudai fidia kutoka kwa aliyemkosea. Walio dhaifu zaidi, kama watoto, wanaweza kupelekwa mahali salama. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu Zaidi ilithibitisha kwamba mwathiriwa ana nafasi yake katika kesi, hata kama anayeendesha mashtaka ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mwathiriwa si shahidi tu wa kuitwa, kuulizwa maswali na kurudishwa nyumbani.

Kwa aliyedhulumiwa kingono, ulinzi ni zaidi. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, pamoja na kanuni zake za matibabu za mwaka 2012, zinasema gharama za kumtibu katika hospitali ya umma ni za serikali. Na Katiba, kifungu cha 43(2), inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura.

Kwa hiyo tatizo letu si kukosa sheria. Tuangalie pesa.

Milango minne, mifuko miwili

Mwathiriwa mmoja hupitia milango minne: hospitali, polisi, mahakama na, kwa watoto hasa, ofisi za ustawi. Nyuma ya milango hiyo kuna serikali mbili.

Tangu ugatuzi, zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti ziko chini ya gavana na bunge la kaunti. Polisi, waendesha mashtaka, mahakama na maafisa wa watoto wanalipwa kutoka Nairobi. Kila upande unapanga bajeti yake, na kila upande unamtazama mwathiriwa kwa kile kipande chake tu.

Angalia fomu ya P3. Fomu hii inatolewa na polisi, lakini inajazwa na daktari au afisa wa kliniki ambaye mshahara wake unatoka kaunti. Fomu yenyewe haiuzwi. Lakini kuijaza ni kazi ya mhudumu wa afya, na miezi kadhaa baadaye mhudumu huyo huyo ataitwa mahakamani kueleza alichoandika. Je, siku hiyo nani atakaa na wagonjwa wake? Nani atamlipia nauli, hasa ikiwa amehamishiwa hospitali ya mbali? Polisi watasema huyo ni mfanyakazi wa kaunti. Kaunti itasema kesi ni ya serikali kuu. Katikati ya hao wawili, kesi inaahirishwa. Mama yetu amekuja tena na binti yake, amelipa nauli tena, na anaambiwa arudi baada ya miezi miwili.

Sheria inairuhusu mahakama kuagiza mashahidi na walalamishi walipwe gharama zao zinazofaa kutoka pesa za serikali. Lakini ruhusa hiyo haina kazi kama hakuna pesa zilizotengwa. Karani hawezi kulipa nauli kutoka kwenye kifungu cha sheria.

Ni vivyo hivyo kwa ushahidi. Nguo au sampuli za damu zinazohitaji uchunguzi wa vinasaba hupelekwa kwa Mkemia wa Serikali, ambaye maabara zake ziko mijini. Kituo cha polisi kisicho na mafuta ya gari hakiwezi kuzifikisha kwa wakati, na kesi yenye nguvu inakonda ikingali kwenye kabati.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Huduma kwa waathiriwa haina mwenyewe mmoja kwenye bajeti. Mara nyingi imefichwa ndani ya "huduma za tiba" au "usalama wa raia". Na jambo lisilotajwa kwa jina ndilo la kwanza kukatwa pesa zikipungua, kwa sababu hakuna atakayegundua kwamba limekatwa.

Aliyeziba pengo ameondoka

Kwa miaka mingi pengo hilo lilizibwa na wafadhili. Vituo vingi vya kuwahudumia waliodhulumiwa kingono, dawa, mafunzo ya wauguzi, simu za msaada na nyumba za hifadhi vimetegemea mashirika, makanisa na misaada ya nje. Nyumba nyingi za hifadhi hapa nchini si za serikali.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka huo shirika la USAID lilikuwa limefungwa kama lilivyojulikana. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopokea sehemu kubwa ya misaada hiyo, hasa katika kupambana na Ukimwi. Wahudumu wengi waliokuwa wakilipwa kwa pesa hizo waliachishwa kazi. Muuguzi aliyejua kutoa PEP, kumtuliza mtoto na kujaza fomu sawasawa, mara nyingi alikuwa ameajiriwa na mradi, si na kaunti.

Kumlaumu Mmarekani hakutusaidii sana. Hakuna nchi iliyoandika katika katiba yake kwamba itawatunza waathiriwa wa Kenya, isipokuwa Kenya yenyewe. Misaada ilitufanya tusione kwamba haki tuliyoiandika sisi ilikuwa ikilipiwa na jirani.

Hazina ipo. Inajazwaje?

Sheria ya mwaka 2014 iliunda Bodi ya Ulinzi wa Waathiriwa, na pia Hazina ya kuwasaidia. Hazina hiyo inapaswa kupata pesa zinazotengwa na Bunge, pamoja na michango na misaada. Maana yake ni kwamba kila mwaka inarudi kwenye meza ile ile ya bajeti kuomba, ikishindana na barabara, mishahara na madeni.

Wapo wanaosema: basi wahalifu wenyewe walipe. Faini zinazotozwa mahakamani ziende moja kwa moja kwa waathiriwa badala ya kuingia kwenye mfuko mkuu wa serikali. Ni wazo zuri kulisikia, na Marekani wamelijaribu kwa miaka mingi, kwa hiyo tuangalie walikofika.

Mwaka 1984 Bunge la Marekani liliunda mfuko wa waathiriwa unaojazwa na faini za kesi za serikali kuu, si kodi ya raia. Kesi kubwa za mabenki na makampuni zilipoleta faini nono, mfuko ulifurika. Baadaye waendesha mashtaka walizidi kumaliza kesi za makampuni kwa makubaliano bila hukumu, na pesa za makubaliano hayo zilikuwa zikienda kwenye hazina kuu, si kwenye mfuko. Mfuko ukapungua sana. Nyumba za hifadhi na ofisi za ushauri zikaanza kupunguza wafanyakazi, ilhali idadi ya waliopigwa na kubakwa haikuwa imepungua. Julai 2021 ilibidi sheria ibadilishwe ili pesa hizo za makubaliano nazo ziingie kwenye mfuko.

Funzo kwetu ni hili. Faini ni kama mvua: mwaka huu inanyesha, mwaka ujao haifiki. Unaweza kuitumia kujazia tangi, lakini usitegemee hiyo peke yake kumnywesha mtoto. Huduma inayohitajika kila siku inataka pesa inayojulikana kila mwaka.

Na ahadi za jukwaani pia hazitoshi. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza bungeni hazina ya shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa wa dhuluma za kihistoria, zikiwemo ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Miaka ikapita waathiriwa wakingoja, kwa kuwa kanuni za kuzitumia pesa hizo hazikupitishwa. Desemba 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba serikali ilishindwa kuchunguza dhuluma za kingono za wakati huo, na ikaagiza wanawake wanne walipwe shilingi milioni 4 kila mmoja. Walikuwa wamefungua kesi yao mwaka 2013. Tangazo, hata la rais, si bajeti.

Gharama ya kutolipa

Serikali ikikosa kulipa, gharama haipotei. Inahama tu.

Takwimu za utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 zinaonyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 hapa Kenya wamewahi kupigwa au kudhuriwa kimwili tangu wakiwa na miaka 15, na asilimia 13 wamewahi kudhulumiwa kingono. Mwaka 2016 Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa ilikadiria kwamba dhuluma za kijinsia ziligharimu nchi takriban shilingi bilioni 46 kwa mwaka, kwa matibabu, siku za kazi zilizopotea na mengineyo. Pesa hizo zinatoka mahali: kwenye mbuzi aliyeuzwa, ada ya shule iliyotumika hospitalini, shamba lililokosa kulimwa.

Kuna hasara nyingine isiyohesabika kwa shilingi. Familia ikichoka kusafiri, wazee wanaingia kati. Kesi inaondolewa mahakamani kwa maneno ya pembeni na kumalizwa chini ya mti, kwa ng'ombe au mbuzi, yale ambayo katika maeneo mengine huitwa maslaha. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono, wazee hawana uwezo huo, na hata mzazi hana. Uamuzi wa kuendelea au kutoendelea na kesi kama hiyo si wao. Lakini tusiwahukumu wazazi haraka. Mama aliyelipa nauli mara sita na kesi haijasikilizwa anapoletewa mbuzi wawili, hauzi haki ya binti yake kwa tamaa. Amefilisika.

"Pesa hakuna"

Jibu la viongozi wengi litakuwa kwamba nchi ina madeni na kaunti zinacheleweshewa mgao. Ni kweli, na si vizuri kujifanya haturuhusiwi kulisema.

Lakini tazama tena orodha ya mahitaji ya yule mama: muuguzi mmoja wa zamu ya wikendi, sanduku la dawa za PEP lisilokauka, mafuta ya gari la polisi, nauli ya shahidi, chumba kimoja salama chenye kitanda na mlinzi. Hakuna jengo la ghorofa hapo. Ikilinganishwa na safari za nje za viongozi au na magari yao, hii ni bajeti ndogo. Inachokosa ni mstari wenye jina lake.

Tusidanganyane pia: mstari kwenye bajeti hauhakikishi kwamba pesa zitatumwa. Lakini ukiwepo, unaweza kufuatwa. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti kila robo mwaka kuhusu jinsi kaunti zilivyotumia pesa, na Mkaguzi Mkuu hukagua baadaye. Pesa isiyotajwa hakuna anayeweza kuiulizia.

Wapi na lini pa kuuliza

Mwaka wa pesa wa serikali huanza Julai 1. Kabla ya hapo kuna tarehe ambazo sheria imeziweka kwa kaunti zote:

- Kufikia Septemba 1, kaunti huwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka.
- Kufikia Februari 28, huwasilisha mwelekeo wa matumizi, unaoonyesha kila idara itapata kiasi gani.
- Kufikia Aprili 30, makadirio ya bajeti yanafika bunge la kaunti. Kamati yake lazima isikilize maoni ya wananchi.
- Kufikia Juni 30, bajeti inapaswa kuwa imepitishwa.

Mikutano ya maoni ya wananchi hutangazwa na kaunti, na mara nyingi hufanyika wadi kwa wadi. Ukipata nafasi ya dakika mbili, usitumie moja nzima kumshukuru mwakilishi wadi. Uliza:

1. Katika bajeti ya afya, ni kiasi gani kimetengwa kwa waathiriwa wa dhuluma, na kimeandikwa ukurasa gani?
2. Ni kituo gani cha afya katika kaunti ndogo yetu kinachotoa PEP usiku na wikendi?
3. Je, kuna malipo yoyote ya kujaziwa P3 hapa kwetu, na yanatozwa kwa agizo la nani?
4. Mtoto au mwanamke asiyeweza kurudi nyumbani hupelekwa wapi?
5. Wahudumu waliokuwa wakilipwa na wafadhili, ni wangapi kaunti imewachukua?

Kwa mambo ya polisi na mahakama, anayehusika ni mbunge wako, kwa kuwa bajeti hiyo hupitishwa Nairobi. Muulize Hazina ya Ulinzi wa Waathiriwa imetengewa kiasi gani mwaka huu, na ni ngapi tayari zimetumwa.

Likitokea leo

Bajeti ni ya mwaka ujao. Lakini huenda kuna anayesoma haya akiwa na shida ya sasa hivi. Kwa aliyedhulumiwa kingono:

- Nenda hospitali kwanza, hata kabla ya polisi. Huhitaji P3 ili utibiwe.
- Fika kabla ya saa 72 kwa ajili ya PEP. Dawa ya kuzuia mimba hutolewa hadi saa 120, yaani siku 5. Ikiwa muda umepita, bado nenda. Kuna matibabu mengine.
- Usioge wala kufua nguo ulizovaa ikiwezekana. Ziweke kwenye gazeti au mfuko wa karatasi, si wa plastiki.
- Hospitalini, hakikisha fomu ya PRC imejazwa. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya uchunguzi wa daktari.
- Polisi wakipokea ripoti, chukua nambari ya OB na uiandike kwenye simu yako.
- Ukiombwa pesa za matibabu katika hospitali ya umma, taja Sheria ya Makosa ya Kingono na omba kuonana na msimamizi wa hospitali.

Simu 1195 ni ya msaada kwa dhuluma za kijinsia na 116 ni ya watoto; zote mbili hupigwa bure. Kwa dharura ya polisi, piga 999 au 112.

Yule mama wa mfano wetu hakuhitaji kujua vifungu vya Katiba saa kumi na moja alfajiri. Alihitaji mlango ulio wazi karibu na kwake, na ndani yake mtu aliyelipwa kumngoja. Mlango huo unafunguliwa miezi kadhaa mapema, katika mkutano wa wadi ambao wengi wetu huwa hatuendi.